Vita vya Friji ya Volti 12

Mume wangu hanywi, havuti, wala hana nyumba ndogo. Ana Land Rover. Ni 110 ya mwaka 1996, ya dizeli, aliyoinunua kwa mstaafu mmoja wa Morogoro. Mama mkwe wangu alipoiona mara ya kwanza imeegeshwa uani kwetu Kimara aliipa jina papo hapo: mke mwenza. Mimi nikiwa mke mkubwa nilizijua haki zangu, nikanyamaza. Kilichonifungua mdomo ni pale mwenzangu huyo alipoanza kununuliwa vitu.

Mpango ulikuwa twende Hifadhi ya Taifa ya Ruaha likizo ya Septemba, familia nzima, tulale kambini na tupike wenyewe. Nililiunga mkono wazo hilo mbele ya mashahidi. Ila Baba Nuru hakuanza na ramani wala matairi; alianza na video za Waaustralia. Kila usiku baada ya taarifa ya habari aliketi kutazama wanaume wenye ndevu zilizojaa vumbi wakivuka jangwa, na haikupita wiki bila bodaboda kupiga honi getini na boksi nyuma. Likaja hema la kufunga juu ya paa la gari. Ikaja winchi. Zikaja mbao za plastiki za kuweka chini ya tairi lililozama mchangani, na jeki linalonifika kifuani. Likaja turubai la kivuli linalokunjuliwa ubavuni mwa gari, rangi ya bluu iliyokoza, zuri kwelikweli. Hiyo bluu tutairudia. Mwisho kabisa ikaja friji ya volti 12, na hapo ndipo amani ilipotutoka.

Mimi ni mhasibu wa shule, na daftari la nyumbani ni langu pia. Nilikuwa na swali moja tu kwa kila boksi: kitu hiki kitafanya nini siku ambayo hatupo safarini? Baba Nuru aliliona swali hilo kuwa la kichokozi. Lakini kuna vitu nilivyoviidhinisha bila kunung'unika, na vya kwanza ni madumu mawili ya chuma ya lita 20. Hayo ni ya umbo lililobuniwa na Wajerumani mwaka 1937 kwa ajili ya jeshi, Waingereza wakayateka vitani, wakayapenda, wakayaiga, na mpaka leo hakuna aliyeona haja ya kuyabadili sana. Yana vishikio vitatu juu: dumu likijaa watu wawili wanalibeba kila mmoja na upande wake, na yakiwa matupu mtu mmoja anabeba mawili kwa mkono mmoja. Siku maji ya bomba yanapokatika Kimara, yaani siku nyingi, madumu yale huwa na kazi.

Hema la paa tulilijaribia nyumbani. Fundi alilifunga juu ya keria mchana, jioni Baba Nuru akarudi kutoka kujaza mafuta akiendesha kama alivyozoea, na banda la gari likapoteza bati mbili za mbele. Hakuna aliyekumbuka kwamba gari lilikuwa limeongezeka kimo. Usiku yeye na Nuru wakapanda ngazi wakalala huko juu, uani, taa ya kichwani ikiwaka ndani ya hema, majirani wote wakitazama. Asubuhi mjumbe wa shina alibisha hodi akaniita pembeni, akaniuliza kwa heshima zote kama kuna tatizo la ndoa ambalo wazee wanaweza kulisuluhisha.

Hema lenyewe si kitu kibaya. Lina godoro lake ndani, linakunjuka kwa dakika chache, na ukilala hakuna jiwe wala siafu mgongoni. Lakini lile letu lina uzito wa kilo 60 hivi, na kilo 60 juu ya kichwa cha gari si sawa na kilo 60 sakafuni. Kwenye kona gari huinama na kuchelewa kuinuka. Halafu ukishalikunjua, gari limefungwa miguu. Ukitaka kuwahi simba alfajiri, sharti ukunje chumba cha kulala kwanza. Na mtu mzima anayeamka usiku kwenda haja ashuke ngazi ya chuma gizani. Mama mkwe aliitazama ngazi ile mara moja akasema, "Mimi si ndege."

Alikuwa ameshafika kutoka Muheza, na gunia la machungwa, mkeka, na deli lake la buluu iliyopauka ambalo limehudumia misiba yote ya ukoo. Akaikuta friji sebuleni, imechomekwa, inanguruma.

"Hiyo ya nini?"

"Ya safari, mama. Nyama na maziwa vikae baridi."

"Na deli langu?"

Baba Nuru akaeleza habari za nyuzi joto na kidhibiti. Mama mkwe akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Barafu haina waya, mwanangu. Ikiisha, unakunywa maji yake."

Kambi zikagawanyika. Shemeji yangu, mdogo wake Baba Nuru, akawa upande wa friji kwa sababu ya soda. Mimi nilikuwa upande wa hesabu. Nikafungua daftari. Betri ya gari letu ni ya ampea-saa 70. Betri ya kuwashia gari imeundwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, haikuundwa kunyonywa taratibu usiku kucha, kwa hiyo tuhesabu nusu yake tu, 35. Friji inavuta ampea 4 mashine yake inapozunguka. Kwenye joto la Ruaha tuseme inazunguka nusu ya muda, yaani wastani wa ampea-saa 2 kila saa. Thelathini na tano kugawa kwa mbili ni saa 17 na ushei. Gari likizimwa saa sita mchana, saa kumi na moja alfajiri tumefika ukingoni, na hapo hatujachaji simu ya mtu wala kuwasha taa.

Dawa inajulikana: betri ya pili ya kuhudumia friji peke yake, na kifaa cha kuzitenganisha gari likizimwa, ili ile ya stata isiguswe. Nikauliza ilipo betri ya pili. Fedha yake, ikabainika, ndiyo iliyonunua winchi. Baba Nuru akasema hesabu yangu ni ya karatasi. Tukabeba vyote, friji na deli, kila upande ukiamini mwenzake ataaibika porini.

Tuliondoka usiku wa manane tukitanguliza Chalinze. Mikumi, barabara inapokatisha hifadhini kwa kilomita 50 hivi, twiga walitutazama. Ruaha Mbuyuni tukanunua vitunguu, kana kwamba mzigo haujatosha. Kitonga ndiyo iliyotoa hukumu. Kwenye zile kona za mlima, katikati ya malori yanayoelekea Tunduma, gari liliegemea upande mmoja likatafakari, kisha likaegemea wa pili. Juu ya keria kulikuwa na hema, mbao, jeki, meza, viti na madumu yote mawili yamejaa maji, kilo 20 za maji kwa kila dumu bila kuhesabu chuma chake. Mama mkwe aliushika mshikio wa dirishani akawa anasoma dua kwa sauti. Baba Nuru hakusema neno mpaka Ilula, kwenye wauza nyanya, alipoegesha na kushusha kila kilicho kizito kutoka juu. Madumu yakawekwa sakafuni, nyuma ya viti vya mbele. Shemeji alisafiri hadi Iringa amepakata jeki.

Kutoka Iringa kwenda hifadhini tulikutana na kipande kirefu cha vumbi chenye rasta, ile mikunjo inayotetemesha mpaka meno. Hapo ndipo kifaa ambacho hakuna aliyekigombania kilipojipatia jina. Fundi wa pancha pale Iringa alitushauri tupunguze upepo. Matairi yalikuwa na psi 40. Tukayashusha mpaka 28, tukapunguza na mwendo, na gari likatulia kwa namna ambayo hata mama mkwe aliuachia mshikio. Tairi laini linameza mtikisiko ambao vinginevyo ungeishia kwenye springi, kwenye skrubu za keria na kwenye trei ya mayai. Lakini ukitoa upepo lazima uwe na wa kuurudisha kabla ya kukimbia tena kwenye lami, la sivyo tairi linachemka. Pampu yetu ndogo ya umeme ilikuwa ya bei nafuu kuliko karibu kila kitu tulichobeba. Nawaambia wanaouliza: nunua inayobana moja kwa moja kwenye vichwa vya betri, siyo ile ya kuchomeka kwenye tundu la kiberiti cha gari, ambayo huunguza fyuzi kabla ya tairi la pili. Ongeza kifurushi cha kuzibia pancha na tairi la akiba lenye afya. Kama ningelazimishwa kuchagua kati ya hivyo na boksi zote za Waaustralia, nisingefikiri sana.

Kambini, karibu na Msembe, turubai la bluu lilikunjuliwa kwa fahari. Dakika kumi baadaye tulikuwa tukijipiga makofi sote. Mbung'o walikuja kana kwamba wamealikwa kwa kadi. Wanatoboa hata soksi. Askari wa hifadhi aliyekuja kukagua vibali alilitazama turubai, akatutazama sisi, akatuuliza kama njiani tuliona vitambaa vya bluu na vyeusi vilivyoning'inizwa kwenye miti. Tuliviona. Shemeji alidhani ni alama za njia. Kumbe ni mitego: mbung'o hupenda rangi hizo mbili, basi kitambaa hupakwa dawa ili wakija kutua wafe. Sisi tulikuwa tumejenga mtego usio na dawa na kuketi chini yake. Turubai likakunjwa. Mama mkwe akaenda kubadili baibui lake jeusi, akatandika mkeka chini ya mkwaju, na mchana wote uliobaki hatukuhitaji kivuli kingine.

Askari alituachia onyo moja: matunda yote yafungiwe, tembo wanayafuata kwa harufu. Machungwa ya Muheza yalikuwa ndani ya deli, juu ya chupa za barafu, na deli lilikuwa nje, chini ya bampa la nyuma. Kwa nini nje? Kwa sababu ndani ya gari nafasi yake ilikuwa imechukuliwa na friji. Baba Nuru aliambiwa aitoe friji. Akasema waya haufiki. Mama mkwe aliambiwa ayahamishe machungwa. Akasema deli lake lina kifuniko.

Saa kumi usiku nilisikia tumbo la mtu mkubwa likinguruma. Nilikuwa juu hemani na Nuru na baba yake. Mama mkwe amelala kwenye kiti kirefu cha nyuma, shemeji amejikunja kiti cha mbele. Mwanga wa mwezi ulitosha kuona mgongo wa tembo ukipita karibu na kimo cha godoro letu, na mimi, nikiri au nisikiri, wakati huo nililipenda hema lile. Kisha tukasikia plastiki ikipasuka. Baba Nuru akanong'ona kupitia wavu, "Washa gari!" Kumwashia tembo gari si busara, tuliambiwa baadaye, unakaa kimya anaondoka. Lakini hatukupata nafasi ya kufanya kosa hilo. Shemeji alizungusha ufunguo, likatoka neno moja tu: tik. Akazungusha tena. Tik. Ndani ya gari, kataa kekundu ka friji kalikuwa kanapepesa. Umeme ulikuwa umeisha saa moja nzima kabla ya hesabu yangu. Nuru alikuwa amechaji simu.

Tembo alikula machungwa bila haraka, akalikanyaga deli akienda zake.

Uzuri wa dizeli ya zamani ni kwamba inaweza kushtuliwa kwa kusukumwa. Kulipopambazuka betri ilikuwa imejikusanyia umeme wa kufungua vali ya mafuta, stata haikuhitajika. Tukakunja chumba cha kulala, Baba Nuru akaingia gia ya pili, na sisi tuliobaki, pamoja na vijana wa kambi jirani walioshindwa kuficha kicheko, tukasukuma. Mama mkwe alisukuma kwa mkono mmoja. Wa pili ulishika mpini wa deli, sehemu pekee iliyosalia nzima. Nyama ilikuwa bado ya baridi, nalisema hili kwa haki ya friji, na tuliila yote asubuhi ile kabla haijabadili mawazo.

Tuliporudi Kimara ulifanyika ukaguzi. Turubai la bluu limefunika kuni za jirani. Mbao za mchangani hazijagusa mchanga. Winchi imefanya kazi mara nyingi, nakubali, lakini zote ni za mtaani: masika yalipofika ilitoa kisiki cha mwarobaini na magari ya watu kwenye tope la kona yetu. Pampu huazimwa na mtaa mzima. Friji ilinunuliwa betri yake ya pili, na umeme unapokatika ndiyo inayotunza maziwa na dawa za sukari za mama mkwe, ambaye sasa huulizia chaji yake kwa simu kutoka Muheza. Ila amekataa katakata isisafiri bila deli. Alidai fidia, Baba Nuru akajaribu kumnunulia dogo la lita 20, likarudishwa na basi lilelile lililolipeleka. Alitaka la lita 60, lenye kufuli na kizibo cha kutolea maji chini. Nililiandika kwenye daftari, fungu la vifaa vya safari, na fedha yake nikaikata kwenye mafuta ya mke mwenza.