Gitaa Lisilojibiwa

Sogeeni kwenye benchi, baridi ya leo si ya kukaa mbalimbali, na mimi nina la kusonya.

Jana kijana wetu mmoja, hapa hapa Ilembula, kanivalisha hedifoni nisikie alichorekodi chumbani kwake. Gitaa la umeme, bila amplifaya. Gitaa linaingia kwenye kiboksi, kiboksi kinaingia kwenye kompyuta, basi. Nilipolisimulia hapa asubuhi, mzee wangu mmoja akadakia: hilo si gitaa, ni uongo wa mashine. Hapana, baba, kiboksi tusikionee. Kinaiga amplifaya, kinaiga spika yake, kinaiga hata maikrofoni iliyowekwa mbele ya spika. Spika ya gitaa hukata milio mikali ya juu. Ukisahau kuiwasha hiyo ya kuiga, gitaa linalia kama nyuki ndani ya debe. Kijana hakusahau. Na masika yanavyopiga bati zetu, maikrofoni chumbani ingerekodi nini zaidi ya mvua? Wala si mambo ya jana: kiboksi cha aina hiyo, POD ya Line 6, ile nyekundu yenye umbo la figo, ilitoka mwaka 1998, na leo ipo Neural Amp Modeler, programu ya kompyuta ya kuigia amplifaya, bure kabisa. Mtoto wa Ilembula hana tena haja ya kupanda basi pale Makambako kwenda Dar kubembeleza studio. Hilo linanifurahisha sana.

Mcheeew! Kilichoniuma ni kingine. Kijana kapiga besi, kapiga ridhimu, kapiga solo, yote mwenyewe, moja juu ya jingine, na hakuna gitaa linalomsikiliza mwenzake. Solo halinyamazi! Muziki wetu wa dansi magitaa yanaongea: besi inaacha mwanya, ridhimu inaingia, solo linasubiri zamu yake, na kwenye chemko, pale wimbo unapokolea, ndipo yanashikana kabisa. Zamani, kwenye studio za Redio Tanzania Dar es Salaam, bendi iliingia nzima ikapiga kwa pamoja; mmoja akiteleza, wote mnarudi mwanzo. Masikio yalikuwa macho. Chukueni nyimbo za mpiga solo Mbaraka Mwinshehe, za Morogoro Jazz au za Super Volcano aliyokuwa nayo mpaka alipofariki Januari 1979, mlisikilize lile solo pale linaponyamaza. Pale hasa.

Kijana akajitetea, eti kompyuta inachelewesha sauti, ndiyo maana vidole vinakimbia. Nikamwambia tuangalie. Ameiweka kompyuta ipokee sauti kwa mafungu ya sampuli 128, kwa kasi ya 48,000 kwa sekunde: kuingia panapita kama milisekunde 2.7, na kutoka kama hizo hizo, au zaidi kidogo. Mpigaji aliyesimama mita mbili tatu tu kutoka kwenye amplifaya, sauti humfikia kwa muda kama huo huo. Basi kompyuta haina kosa. Amezoea kupiga peke yake, mlango umefungwa, hedifoni masikioni.

Na kwaya zetu hapa zina wapiga ridhimu wenye mikono imara, wanaojua kukaa kwenye mdundo wimbo mzima bila kutamani sifa. Mmoja anakaa nyumba ya tatu kutoka kwa kijana! Hawajawahi kurekodi pamoja hata mara moja.

Kile kiboksi nimekigeuza nikakitazama vizuri. Kina matundu mawili ya kuchomekea gitaa. La pili limejaa vumbi.