Viza Imegoma, Ng'ombe Ameshauzwa

Mnh! Hebu nisongeeni kidogo kwenye benchi hili nikae, maana dunia inachosha. Hapa Masara, Migori, kila mtu ni mtaalamu wa mambo mawili: dhahabu na viza. Ya dhahabu angalau mtu hushuka shimoni akaliona jiwe kwa macho yake mwenyewe. Ya viza, lo! Mtu anauza ng'ombe kwa kuambiwa tu.

Kuna kijana wa hapa stejini, jina lake nalimeza kwa sababu mama yake ana mdomo. Huyo aliagwa kabla hata hajapeleka ombi la viza ya kazi ya Uingereza. Harambee ilifanyika, kwaya ikaimba, mchungaji akaombea ndege isianguke. Shati la kusafiria lilinunuliwa, likapigwa pasi, likaanza kuvaliwa misibani. Barua ikaja: umekataliwa. Sasa msikie kisa. Mwaka mzima akaunti yake ilikuwa na vijisenti vya bodaboda. Jumatatu moja ikaangukiwa na laki mbili na kitu kutoka kwa wajomba wanne, Ijumaa ikarudi kuwa tupu. Waingereza wanataka anayeomba viza ya kazi ya ujuzi awe na pauni 1,270 zilizokaa siku 28 mfululizo, isipokuwa mwajiri akubali kumbeba mwezi wa kwanza. Siku 28, omera! Wajomba hawakuweza kuvumilia hata wiki. Lakini waulize nyumbani nani alimnyima kijana viza. Watakuonyesha bibi kizee fulani aliyemtazama vibaya siku ya harambee.

Ndiyo sisi hao. Karani wa viza anapiga hesabu, sisi tunatafuta mchawi.

Na hesabu zenyewe hazijifichi. Mwaka 2023 Uingereza ilitoa viza zaidi ya 145,000 kwa wafanyakazi wa afya na watunzaji wa wazee, bila kuhesabu wake, waume na watoto. Mwaka 2024 zikaporomoka hadi kama 27,000. Bibi kizee wetu ana nguvu, lakini si za kiasi hicho! Waingereza walianza kwa kuwachunguza waajiri kwa jicho kali. Machi 2024 mtunzaji akaambiwa aende peke yake, familia ibaki. Aprili, mshahara wa chini kwa kazi nyingi za ujuzi ukapandishwa kutoka pauni 26,200 kwa mwaka hadi 38,700, na Julai 2025 ukafika 41,700. Tarehe 22 ya Julai hiyohiyo, mlango wa watunzaji wapya kutoka ng'ambo ukafungwa kabisa. Mwajiri mwenye busara akaona heri achukue wa jirani yake.

Na ajenti wa viza hapa kwetu je, alifunga ofisi? Thubutu! Wiki zilizofuata alikuwa bado anauza nafasi za kutunza wazee, kwa awamu, na risiti anakuandikia kwa kalamu nyekundu. Ada ya usajili, ada ya faili, ada ya kuharakisha, na ada ya nne ambayo hata yeye mwenyewe aliikosea jina. Viza ikikataliwa, pesa hazirudi. Atakupigia ulimi kana kwamba wewe ndiye uliyemwangusha. Akikutilia karatasi ya uongo kwenye faili, anayepigwa marufuku hata miaka 10 ni wewe. Yeye hajui hata London iko upande gani.

Tena msidhani waliokubaliwa walilala usingizi. Kati ya Julai 2022 na Desemba 2024, Uingereza ilifuta leseni za waajiri zaidi ya 470 wa sekta hiyo ya utunzaji. Mtu ana viza halali, amevaa koti la baridi, anafika anakuta mwajiri hana kazi ya kumpa. Halafu anahesabiwa siku 60 atafute mwingine ama afungashe. Na huku nyumbani anapigiwa simu ya karo kila jioni.

Ya wauguzi mnaikumbuka? Julai 2021 Kenya ilitia saini mkataba wa kupeleka wahudumu wa afya Uingereza. Mwaka haukuisha, Waziri wa Afya Mutahi Kagwe akatangaza kwamba kati ya wauguzi 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza, waliofaulu ni 10. Aiii, kijiwe kilicheka hadi chai ikamwagika! Waliocheka zaidi ni wale ambao barua yao ya kukataliwa walisomewa na mtoto wa darasa la sita.

Halafu ikaja Ujerumani. Septemba 13, 2024, mkataba ukatiwa saini Berlin, na habari zikatapakaa kwamba Wakenya 250,000 wanatakiwa. Kufika jioni, stejini nafasi zilikuwa zimeshagawanywa kwa koo. Serikali ya Ujerumani ikakanusha: mkataba hauna idadi yoyote. Na ujuzi wanautaka, na Kijerumani wanakitaka. Hapo wengi wakakumbuka wana shamba la kupalilia. Marekani nayo, Septemba 2025, ikamtwika mwajiri dola 100,000 kwa ombi jipya la viza ya kazi ya H-1B. Hizo ni karibu milioni 13 za hapa kwetu. Uza ng'ombe wote wa Migori na Homa Bay tuone.

Simzuii mtu kwenda, jamani. Waliokwenda na vyeti vyao safi wamejenga, tunaona mabati yao. Ila kanuni zimeandikwa na kuzisoma ni bure, na orodha ya maajenti waliosajiliwa iko kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Simu mnazo, zinatosha kutazama mpira, zinatosha na hilo. Na akija mtu kukuapia kwamba viza kwake ni uhakika, muulize swali moja kabla ya kumfungua ng'ombe: yeye anangoja nini hapa Masara?