Megabiti Zangu Huenda Wapi Usiku?

Jumamosi iliyopita, mbele ya koo mbili, niliganda. Jicho moja nimelifumba, mdomo u wazi, kidole kimeelekea darini, na sura hiyo ikabaki kwenye televisheni ya watu wa Mombasa kwa muda wa mtu kumaliza kikombe cha kahawa na kuomba kingine. Mpaka leo nikipita Digo Road hapa mtaani kwetu kuna kijana ananikonyeza.

Ilikuwa posa ya mpwa wangu. Wenzetu walikuwa Kuze, Mombasa. Sisi tulikuwa sebuleni kwangu, Pumwani, Nairobi. Mzee wao mkuu hapandi tena basi wala treni, kwa hiyo ikaamuliwa tukutane kwa video. Mimi nikafanywa msemaji, na si kwa busara, maana wenye busara ukoo wetu unao tele. Nilichaguliwa kwa sababu nyumba yangu ndiyo yenye faiba: megabiti 20 kwa sekunde, na mwezi umelipiwa.

Sebule ilijaa pomoni. Mashangazi kwenye kochi, wazee kwenye viti vya plastiki vya kuazima, vijana wamesimama wameegemea ukuta, watoto wamebanana mlangoni wakizitolea macho sahani za halwa na kaimati. Dua ikasomwa. Mzee wa Mombasa akasema ya kwao, tukamsikia neno kwa neno, mpaka kikohozi. Zamu yangu ikafika. Nikajiweka sawa, nikanena: "Wazee wetu, tumeuliza, tumechunguza, na kijana wenu hana kasoro. Na kwa mahari mliyoitaja sisi hatuna neno, tumeridhika."

Kilichofika Mombasa, kama tulivyoelezwa baadaye, ni hiki: "Tumechunguza… kijana wenu… kasoro. Na kwa mahari mliyoitaja… neno…" Kisha ile picha: jicho limefumbwa, mdomo wazi, kidole juu.

Msiba ni kwamba sisi tuliendelea kuwasikia. Bibi mmoja akauliza, "Kasoro gani tena?" Mwingine akadakia, "Na hilo jicho anamkonyeza nani?" Mzee wao, Mungu amweke, akasema taratibu, "Mwacheni bwana wa watu, huenda ni maradhi." Mimi huku napiga kelele, "Hana! Hana kasoro! Hana!" mpaka majirani wakachungulia dirishani. Kuze hawakusikia kitu.

Aliyeiokoa posa ni shangazi. Alifungua fundo kwenye pindo la kanga, akatoa mulika mwizi yake, akapiga simu ya kawaida. "Wanangu," akawaambia, "huyu amekubali. Jicho ni la mtandao." Halafu akanigeukia mbele ya watu wote: "Na wewe hizo megabiti unazolipia, wanakuletea au unawasomeshea watoto wao?"

Wageni walipoondoka nikapima kasi. Programu za kupima kila mtu anazijua: unabonyeza, mshale unapanda, unasitasita, unasimama. Wangu ulisimama kwenye 7. Nikawapigia watoa huduma, ambao sitawataja. Binti akanipokea kwa adabu zote: "Mteja wetu mpendwa, je, kati ya ruta na simu yako kuna ukuta?" Nikamjibu kwamba nyumba yangu, kwa bahati mbaya, inazo. Akasema basi tatizo ni kuta.

Nilikasirika, nikaenda kusoma, na ubaya wa kusoma ni kwamba jambo lenyewe lilianza kuninogea. Maana binti yule hakusema uongo. Alisema ukweli ule unaomfaa.

Kwanza, hesabu. Intaneti huuzwa kwa megabiti, lakini faili tunazopakua huhesabiwa kwa megabaiti, na baiti moja ni biti 8. Megabiti 20 zikifika zote bila kupungua, utaona megabaiti 2.5 kwa sekunde. Hapo hujaibiwa. Na hazifiki zote, kwa sababu kila kipande cha data husafiri na anwani yake, na anwani nazo zina uzito. Ndiyo maana tundu la ruta lililoandikwa 100 hutoa kama 94 hivi hata kila kitu kikiwa kizima.

Pili, kuta. Mawimbi ya waifai ya kawaida hutetema takriban mara bilioni 2.4 kwa sekunde, na hapo ndipo inapofanyia kazi tanuri ya maikrowevu inayopasha kiporo cha pilau. Maikrowevu hupasha kwa sababu maji huyanywa mawimbi hayo. Na binadamu ni nini? Sehemu kubwa ya mwili ni maji. Kwa hiyo siku ile, kati ya ruta iliyokuwa pembeni na kompyuta iliyokuwa mbele ya wazee, nilikuwa nimekalisha ukoo mzima wa maji, tena mashangazi mstari wa mbele. Mawe ya kuchonga nayo hula sehemu yake. Kioo cha kabati, kwa kuwa nyuma kimepakwa madini, huyarudisha yalikotoka. Mabati ndiyo mabaya kuliko yote. Kwenye zile nyumba za zamani za Majengo, hapa Pumwani, za udongo na paa la mabati, zenye ukumbi katikati na vyumba huku na huku, mawimbi hutembea ukumbini vizuri, kisha hunywea kila yapitapo ukuta. Ruta mpya zina mawimbi mengine, ya bilioni 5, yanayobeba data kwa kasi zaidi, lakini hayo ni dhaifu mbele ya ukuta kuliko hata yale ya kwanza.

Tatu, zamu, na hapa ndipo niliposhika shavu. Waifai ni baraza la wazee: akisema mmoja, wengine wote hunyamaza. Kila simu kabla ya kusema husikiliza kwanza. Ikisikia mwingine anaongea, husubiri. Wawili wakisema kwa pamoja, maneno hupotea na kila mmoja hurudia upya. Tena mzee anayesema polepole hula muda wa wote, kwa hiyo simu moja kuukuu iliyo mbali jikoni huichelewesha nyumba nzima. Na baraza lenyewe si la nyumba yako peke yako. Kwenye mawimbi ya 2.4 kuna njia tatu tu zisizoingiliana: ya 1, ya 6 na ya 11. Nikiwasha simu sebuleni naona orodha ya mitandao ya ghorofa nzima, mmoja unaitwa "Lipa Yako", mwingine "Usinizoee", na yote imesongamana kwenye njia hizo tatu.

Lakini kumbuka sisi tuliwasikia Mombasa vizuri; wao ndio hawakutusikia. Kuta hazichagui namna hiyo. Jibu nililipata kwa Jim Gettys, mhandisi wa Marekani, ambaye karibu mwaka 2010 alianza kuchunguza kwa nini intaneti ya nyumbani kwake huwa nzito. Akagundua kwamba ruta na modemu zimewekewa kumbukumbu kubwa mno ya kuhifadhi data inayosubiri kutoka. Watengenezaji walidhani wanatenda wema, ili kisipotee hata kipande kimoja. Matokeo yake, mtu mmoja akianza kupakia faili kubwa, ghala linajaa, na kila kinachokuja baadaye lazima kisubiri mzigo wote utoke. Faili haijali kuchelewa. Maongezi yanajali sana, kwa maana neno "hana" likifika sekunde mbili baada ya wakati wake, programu hulitupa. Ndivyo nilivyotupiwa langu. Simu ya video haihitaji hata megabiti 5. Inahitaji tu zifike kwa wakati na kwa mpangilio, na mshale ule mkubwa wa programu hauonyeshi hayo. Programu huyaonyesha kwa herufi ndogo, pale palipoandikwa milisekunde, ambapo hakuna anayetazama.

Aliyekuwa akipakia alipatikana: mpwa wangu mwingine, amejibanza nyuma ya pazia, anarusha TikTok video ya sahani za halwa. Video ilipanda vizuri sana na imependwa na watu wengi.

Nne, kipimo chenyewe. Programu maarufu kuliko zote, Speedtest ya kampuni ya Ookla, iko tangu 2006, na kwa kawaida hukutafutia seva iliyo karibu nawe. Mara nyingi seva hiyo imewekwa ndani ya mtandao wa mtoa huduma wako mwenyewe, hapahapa Nairobi. Kwa hiyo unapima safari kutoka sebuleni hadi kwa muuzaji. Safari ya kuvuka mtandao wake hadi nje ya nchi ni nyingine kabisa, na sehemu yake kubwa hupita chini ya bahari kwa nyaya zinazotokea Mombasa: TEAMS na SEACOM tangu 2009, EASSy tangu 2010. Februari 2012 meli ilitia nanga pasipotakiwa karibu na bandari ya Mombasa ikaikata TEAMS. Tarehe 12 Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika kwa pamoja huko kusini, upande wa Durban, na Afrika Mashariki nzima ikatambaa. Siku kama hizo mshale waweza kukusomea karibu 20 huku ukurasa mmoja haufunguki.

Mikasa mingine sitaisimulia: mtihani wa binti yangu uliokatika kwenye swali la mwisho, fainali tuliyoijua goli lake kwa kelele za jirani, na khitma ya Lamu ambayo kwetu iliishia kwenye "Amin" ya kwanza.

Sasa turudi kwa kuta, kwa maana hapa kicheko kinaniisha. Siku ya pili nilichomeka waya kwenye ruta, nikawatoa watu wote mtandaoni, nikapima saa nane mchana. Nikapata 19. Saa mbili na nusu usiku, waya uleule, kompyuta ileile, hakuna mtu mwingine: 7. Ukuta wangu haukusogea. Mashangazi walikuwa makwao. Kilichobadilika ni kwamba mitaa ya Pumwani, California, Eastleigh na Shauri Moyo yote ilikuwa imerudi kutoka kazini na kuwasha televisheni.

Na usiseme uzi wa faiba ni mwembamba. Teknolojia inayotumika sana majumbani hupitisha karibu megabiti 2,500 kwa sekunde, zikagawiwa nyumba 32 au hata 64. Piga hesabu: nyumba zote 64 zikipakua kwa mpigo, kila moja bado ingepata karibu 39. Msongamano uko juu zaidi, kwenye uwezo ambao muuzaji mwenyewe ameununua, na ambao ameuza mara nyingi kuliko alionao akitumaini hatutautumia sote kwa pamoja. Kugawana si dhambi. Bila hivyo bei ingetushinda. Lakini kuna anayejua kusema pameshajaa. Novemba 2024 Starlink iliacha kuandikisha wateja wapya Nairobi na kaunti jirani kwa sababu nafasi ilikuwa imekwisha, na haikufungua tena mpaka katikati ya 2025. Huku mitaani kwetu mawakala wanabisha mlango kila jioni, wakati uleule intaneti inapokuwa imelala chali.

Kinachoniudhi ni kwamba mzigo wa kuthibitisha ameachiwa mteja. Mama anayekaanga mihogo, akalipa kila mwezi ili mwanawe asome, anaambiwa ahamishe ruta, azime awashe, anunue ruta nyingine, abomoe ukuta kama anaweza. Hakuna anayemwambia: saa mbili usiku sisi wenyewe tuna kiasi hiki tu.

Kwa hiyo ndugu msomaji, usipime kwa waifai. Chomeka waya, pima mchana, pima tena saa mbili usiku, andika tarehe na namba zote mbili, piga picha kioo. Mchana na usiku vikiwa sawa, na waifai pekee ndiyo inasumbua, basi kweli ni ukuta: weka ruta katikati ya nyumba, juu, mbali na kabati la kioo. Usiku ukianguka peke yake, peleka picha hizo kwa muuzaji, akikupuuza zipeleke kwa Mamlaka ya Mawasiliano. Na Mamlaka iwalazimishe wauzaji kuandika kwenye mkataba, kando ya kasi ya juu kabisa, ile ya chini kabisa watakayokupa usiku. Asiyetaka kuiandika, mnunulie kifurushi chake cha bei ya chini kabisa. Kuanzia saa mbili vyote vinalingana.