Kamati ya Kuuliza Maswali

Halmashauri nyingi za England zina kamati za madiwani za kuwachunguza madiwani wenzao walioko madarakani. Sheria ya mwaka 2000 inaziruhusu kuita watendaji, kuwahoji na kutoa mapendekezo. Kuamua, hapana. Mbwa amefugwa, meno kafungiwa kabatini.

Na ya kuuliza hayaishi. Tangu 2004, familia isiyo na makazi haitakiwi kuwekwa kwenye nyumba ya wageni zaidi ya wiki 6. Familia kibao hupitiliza, chumba kimoja, bila jiko, mtoto akiandikia kazi ya shule kitandani. Kaya zilizo kwenye makazi ya muda zimeshavuka 100,000. Maswali huulizwa, muhtasari huandikwa, kikao hufungwa.

Anayejaliwa kupata nyumba ya halmashauri huenda akakutana na boila la pamoja la kupasha nyumba joto. Pimlico, London, walianza mwaka 1950: joto lililokuwa likipotea bure kwenye mitambo ya umeme ya Battersea lilivushwa chini ya mto Thames hadi majumbani. Akili hiyo! Ila mpangaji wa boila la pamoja hawezi kubadilisha muuzaji wa joto, na ukomo wa bei za nishati uliowekwa 2019 ulimruka. Bomba likipasuka Januari, ghorofa zote hutetemeka pamoja. Hapo ndipo usawa hupatikana bila foleni.

Sheria ya kumkabidhi Ofgem, mdhibiti wa nishati, kazi ya kusimamia mifumo hiyo ilipitishwa 2023, miaka 73 baada ya Pimlico.