Doa si Kitu, Mzee Wangu

Dalali hana ukuta mbaya. Mwonyeshe rangi iliyopauka, atakwambia ni jua. Mwonyeshe weusi unaoteremka kutoka dirishani, atasema ni vumbi la barabarani. Chini kumevimba na kutoa unga mweupe? Hewa ya bahari hiyo, "hapa Tanga nyumba zote ziko hivyo, mzee wangu." Nimemsikiliza sana bwana huyu tangu mama watoto aamue kwamba hatujengi, tunanunua nyumba ya zamani Ngamiani, yenye baraza, karibu na soko. Kujenga, anasema, ni kutafuta presha. Sasa presha naipata bila kujenga, tena kwa kulipia, maana kila nyumba ninayoonyeshwa ina hela yake ya usumbufu. Usumbufu wa nani? Anayechuchumaa juani akikwaruza ukuta kwa ufunguo ni mimi.

Huo unga mweupe ndio uliotugombanisha kwanza. Ulianzia ardhini ukapanda hadi karibu na kiuno, na rangi imebanduka magamba. Dalali akaapa kuwa ni ukungu, utafutwa kwa kitambaa. Nikamwagia maji yangu ya kunywa, unga ukayeyuka ukapotea. Ukungu hauyeyuki, bwana, hiyo ni chumvi. Maji ya ardhini yanapanda ndani ya ukuta kwa sababu aliyejenga hakuweka kitu cha kuyazuia juu ya msingi. Yakipanda yanabeba chumvi, jua likiyakausha yanaondoka na kuiacha chumvi palepale, ikisukuma rangi na lipu. Na kama mchanga ulizolewa ufukweni bila kuoshwa, hiyo chumvi utawarithisha wajukuu.

"Kwani mzee wewe ni injinia?"

Mimi nilikuwa karani wa ghala la katani. Nimekagua marobota miaka mingi, na robota bovu siku zote lilikuja na nyuzi nzuri juu.

Ndiyo maana nyumba iliyonitia hofu kuliko zote haikuwa na doa hata moja. Ilikuwa imepakwa rangi ya maziwa juzijuzi, harufu bado ipo, na chini wamezungusha mkanda wa rangi ya mafuta ya kahawia hadi usawa wa kiuno. Kwa nini kiuno? Kwa nini mbele tu, na uani wameacha kama kulivyokuwa? Wazee wa pwani walijenga kwa mawe ya matumbawe na kupaka chokaa, ukuta ukilowa unakauka wenyewe. Wewe unakuja na saruji na rangi ya mafuta, unayafungia maji njia ya nje, basi yanatafuta ya ndani. Nikagonga ule mkanda kwa kifundo cha kidole, lipu ikalia utupu. Dalali akakohoa kwa sauti, kana kwamba kikohozi kinaziba mlio.

Aliyeniokoa ni mama mpangaji wa chumba cha mbele. Nilibisha hodi, nikamuuliza kama chumba kinapata hewa. "Kinapata, baba. Ila masika hicho kitanda tunakisogeza katikati, godoro linalowa." Dalali alimtazama yule mama kama amemkanyagia kanzu.

Masika ndiyo mkaguzi, na dalali analijua hilo. Januari na Februari simu yake haiishi kuita. Mvua za Machi zikianza, ana msiba Korogwe hadi Mei.

Kuna doa moja tu ambalo silibishanii: michirizi ya rangi ya kutu kwenye zege la juu ya dirisha. Hapo nondo imeshaanza kuliwa ndani, kutu inatanuka, zege linapasuka, na upepo wa chumvi unaharakisha kazi. Natoa hela ya usumbufu, naaga, naenda zangu kunywa kahawa.

Halafu ikaja nyumba ya uchochoroni, ambayo dalali mwenyewe aliionyesha kwa aibu. Ina kijani upande mmoja, ina weusi chini ya madirisha, na miguuni imerukiwa tope jekundu. Kijani kilikuwa chini ya bomba la tangi linalofurika. Tope lilirushwa na matone ya mvua, kwa sababu bati halina gata. Ule weusi niliudondoshea Jik kidogo, ukafifia nikiuangalia. Masizi yasingefifia, huo ulikuwa ukungu wa juujuu. Nikagonga kila pembe, lipu ikajibu kwa ushupavu. Ndani, nyuma ya kabati, pakavu.

Mama watoto aliiona kutoka barabarani tu. Hakushuka kwenye bajaji. "Wageni wangu watapita wapi, humo?" Anaitaka ile ya rangi ya maziwa.

Nikiwa bado nambembeleza, mwenye nyumba akapandisha bei. Dalali amemweleza kwamba mzee mmoja mtaalamu amekagua na kuthibitisha ukuta ni mzima. Juzi nimemkuta pale pale na mteja mwingine, kijana wa Dar, chupa ya Jik mkononi, anadondosha na kueleza habari za ukungu wa juujuu kwa maneno yangu yaleyale. Hela ya usumbufu nayo imepanda. Siku hizi, anasema, kuna na vipimo.