Jinsi ya Kujitolea Thika Bila Kuchafua Viatu

Umehama Nairobi ukikimbia kodi, ukapata nyumba ya afadhali Ngoingwa, au Ruiru upande wa Kihunguro, na sasa Jumamosi zako ziko wazi. Moyo unakutuma uisaidie jamii. Usiuzuie. Ila fuata utaratibu, kwa maana anayesaidia ovyo hamalizi mwezi kabla hajakabidhiwa sepetu na kuonyeshwa mtaro ulioziba.

Anza na fulana. Wageni wengi hutafuta kazi kabla ya kutafuta vazi, ndiyo maana hakuna anayewakumbuka. Iwe nyeupe: inatokea vizuri pichani, tena inakupa sababu ya heshima ya kutogusa taka.

Kisha chagua mto. Mji huu umejaliwa miwili, Chania na Thika, na yote ina maporomoko karibu na hoteli ya Blue Posts, iliyoko tangu 1908. Kusafisha kingo za mto ni huduma tukufu, hasa mahali penye mandhari na chai ya maziwa. Kazi iko tele Kiandutu pia, kwenye vichochoro vya mabati, lakini kule hakuna pa kuegesha gari.

Miti nayo usiisahau. Serikali inataka miti bilioni 15 ifikapo 2032, na tarehe 13 Novemba 2023 nchi nzima ilipewa mapumziko ili ipande. Ustadi wote uko katika kuushika mche kwa vidole viwili, kutazama kamera, kisha kumwachia mwenye jembe. Kumwagilia Januari, jua la Thika likichoma, hakujatangaziwa sikukuu. Kwa hiyo hakukuhusu.

Ukienda shuleni, peleka keki na hotuba. Ipo Shule ya Vipofu ya Thika, iliyoanzishwa na Jeshi la Wokovu 1946. Kosa kubwa ni kuwauliza walimu wanahitaji nini. Huenda wakakuambia wanataka mtu wa kuwasomea wanafunzi kila wiki, au aliye tayari kujifunza nukta nundu, na wewe ulikuwa umepanga kuondoka saa saba.

Msalaba Mwekundu wa Kenya, ulioundwa kwa sheria ya Bunge 1965, uogope zaidi. Hao hufundisha. Ukishajua huduma ya kwanza, siku magari yatakapogongana Thika Road utalazimika kuweka simu mfukoni na kupiga magoti kwenye lami.

Usiwaige pia wahudumu wa afya ya jamii. Mmoja hutembelea kaya zipatazo 100, akiuliza habari za chanjo, mimba na kikohozi. Miaka mingi wengi wao waliifanya kazi hiyo bure. Tangu 2023 wamepangiwa posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu ya serikali kuu, nusu ya kaunti. Kwa posho hiyo mtu hawezi hata kununua viatu vya kuchakaza, achilia mbali drone ya kupiga picha.

Lililo salama ni kundi la WhatsApp la ploti. Kubali cheo chochote isipokuwa mweka hazina. Jirani akifiwa, andika “pole sana” mapema, kabla ya namba ya mchango kutumwa. Usishangae kumwona mama mboga amefunga kibanda akapike matangani, au kijana wa bodaboda aliyembeba mgonjwa usiku wa manane bila kudai nauli. Hao hawajui kwamba wanajitolea. Hawajawahi hata kuomba cheti.

Imebaki damu, ambayo siipendekezi kabisa kwa mfuasi wa mwongozo huu: anayeongezewa hatajua ni yako, na picha ya mtu aliyelala huku mkono umefungwa haimpendezi yeyote. Lakini kwa mkaidi, masharti ni haya. Uwe na umri wa miaka 16 hadi 65, uzito usiopungua kilo 50, na afya njema. Mwanamume anaweza kutoa kila baada ya miezi mitatu, mwanamke minne. Hospitali ya Thika Level 5 iko papo hapo mjini. Nenda ukaulize siku wanazopokea, na ule kwanza kabla ya kutoka nyumbani.