Tairi Fupi, Safari Ndefu

Baba Watoto akiniambia amepata kitu kwa bei nzuri, huwa nauliza kilichopungua ni nini. Safari hii lilipungua tairi. Aliondoka asubuhi gari likiwa na matairi manne yenye vipara, akarudi adhuhuri na manne mapya, meusi tii, yananuka dawa ya kung'arishia. Gari lenyewe lilikuwa limeshuka, hata kuku wetu wanaoshinda uvunguni mwake wakaenda kutafuta kivuli kwa jirani.

"Limekaa kimichezo," akasema, akilizunguka.

Muuzaji alikuwa amemwuliza swali moja tu: rimu ngapi? Akajibu kumi na tano, akapewa kumi na tano. Matairi ya zamani yalikuwa 195/65R15, haya mapya 195/50R15. Ukitazama mwanzo na mwisho, hakuna tofauti. Ya katikati wengi wetu hatuisomi.

Jumamosi tukaenda Morogoro kumchukua mama mkwe. Kufika Mlandizi, Baba Watoto keshajaa sifa: gari limekuwa jepesi kuondoka! Hapo hakudanganya, maana gurudumu likiwa dogo gari huondoka upesi. Ila mshale ulikuwa unasoma 80 na malori ya mizigo yanatupita huku yanatupigia honi. Kutoka Dar mpaka Morogoro ni kama kilomita 190. Tulipofika, mita yetu ilikuwa imevuka mia mbili.

"Watakuwa wamechepusha barabara," akasema. Watoto wakacheka, mimi nikanyamaza kwa heshima ya ukweni.

Kurudi ndiko kulikokuwa na kazi. Nyuma kulikuwa na gunia la mchele, mkungu wa ndizi, watoto wawili na mama mkwe mwenyewe, ambaye si mwanamke mwembamba. Tuta la kwanza, kraa! La pili, kraa! La tatu mama akafungua mlango kabla gari halijasimama sawasawa. "Tushuke, baba. Livushe tuta peke yake, sisi tutalikuta mbele." Basi ikawa hivyo: tuta likionekana, familia inashuka na kutembea, gari linapita tupu, tunapanda tena. Abiria wa mabasi walituaga kwa mikono.

Mikese tukaingia kwenye shimo. Tairi la mbele kushoto halikupasuka, lakini ubavuni likatoa nundu ukubwa wa limau. Fundi pancha aliyekuwa chini ya mwembe akalibonyeza kwa kidole gumba na kutikisa kichwa. Nyuzi za ndani zimekatika, akasema, hilo halizibwi, toeni spea.

Spea ilikuwa ile ya zamani, 195/65. Fundi akayasimamisha matairi mawili yamegusana, na hapo ndipo Baba Watoto alipokosa la kusema. Moja lilikuwa limezidi jingine kimo, karibu sentimita sita.

Mama mkwe ni fundi cherehani. Akatoa futi yake kwenye pochi, akainama, akapima ubavu kuanzia ukingo wa rimu mpaka juu. Spea: inchi tano kamili. Jipya: halifiki inchi nne.

"Hii hamsini ni hamsini ya nini?" akauliza.

"Ni asilimia, mama," fundi akajibu. "195 ni upana wa tairi kwa milimita. Kimo cha ubavu ni asilimia hamsini ya huo upana. Hilo jingine ni asilimia sitini na tano. R ni rediali, 15 ni inchi za rimu."

Mama akaitazama futi yake, upande mmoja inchi, upande wa pili sentimita. "Kwa hiyo 205/65 lina ubavu mrefu kuliko 195/65, ingawa 65 ni ileile?" Fundi akacheka kwa furaha. Sijui ni wateja wangapi humwuliza hivyo.

Hesabu zake ndizo zilizoeleza yale maajabu ya njiani. Tairi la zamani lina kipenyo cha milimita 634, jipya 576. Mita ya gari haipimi lami, inahesabu mizunguko. La zamani huzunguka kama mara 500 kwa kilomita, hili fupi kama 550. Kwa hiyo mshale ukisema 80, wewe uko kwenye 73 hivi, na honi za malori zilikuwa za haki.

Kisha fundi akatuonyesha maandishi ya pembeni. La zamani limeandikwa 91H, jipya 82V. Tarakimu ni za mzigo: 91 hubeba kilo 615 kwa tairi moja, 82 hubeba 475. V maana yake linavumilia mwendo wa kilomita 240 kwa saa, mwendo ambao gari letu halijawahi hata kuuota.

Spea hakuifunga mbele. Injini yetu inavuta mbele, akasema. Ukichanganya refu na fupi huko, difu haipumziki. Akahamishia mbele jipya moja la nyuma, spea akaifunga nyuma. Gunia likapanda basi, na mama akakaa upande uliojinyanyua, bila kuulizwa.

Siku hizi tumerudi kwenye 195/65. Kama Baba Watoto bado anataka urembo, fundi alimwambia kuna 205/55R16 na rimu zake, kipenyo chake milimita 632. Hiyo hata mita haitaishtukia.

Yale mengine yapo stoo, matatu, karibu mapya. Mwenye gari ambalo kibandiko cha mlango wa dereva kinasema 195/50R15, aje tuongee bei. Najua ni matatu. La nne usiniulize.